Sura ya Saba: Maua ya Mti Juu ya Sinia

Seremala wa milango na vitanda hupenda mbao iliyonyooka. Akienda kununua, huiinua upande mmoja, akafumba jicho na kuitazama kwa urefu wake, akaipapasa kuhakikisha haina kifundo, ndipo akaulizia bei. Ana haki. Mbao ya nyuzi zilizonyooka hupokea randa vizuri, hushika msumari, na mlango uliotokana nayo hufungika masika na kiangazi. Kwa hiyo mpasua mbao naye hukata gogo pale lilipo refu na safi, na mengine huyaacha porini au shambani: panda ambapo shina liligawanyika, nundu iliyovimba ubavuni, kisiki na mizizi yake, gogo lililolala chini msimu mzima wa mvua likaingia madoa. Vyote hivyo mwisho wake ni tanuri la mkaa.

Sura hii inahusu mabaki hayo. Ninaamini kwamba mara nyingi mbao nzuri kuliko zote katika mti mzima imo humo, na chombo kinachoifaa kuliko vyote ni sinia.

Bakuli lina ukuta uliosimama, na ukuta huo huyakatiza maua ya mbao, yaani michoro yake ya asili: ndani unaona kipande, nje unaona kipande kingine. Kinyago nacho humvuta mtazamaji aangalie sura iliyochongwa kabla ya kuangalia mti. Sinia ni pana, karibu bapa, na huonekana lote kwa mtazamo mmoja. Ukiliweka mezani linatazamwa kutoka juu, na ukilisimamisha kwenye kabati au kulitundika ukutani linatazamwa kama picha. Chochote mti ulichochora ndani yake kwa miaka hamsini au mia kinapata uwanja wa kuonekana.

Wala sinia la mti si jambo geni kwetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba alikirimiwa wali wa samli katika chombo kikubwa cha mti, na vitoweo vikawekwa juu yake. Chano, yaani sinia la mti, kimelisha watu wa pwani kwa karne nyingi. Kukereza nako kuna historia ndefu: mchoro wa kerezo umo katika kaburi la Petosiris huko Misri, la takribani miaka 300 kabla ya Kristo, na mafundi wa pwani yetu walikuwa wakikereza miguu ya vitanda na viti muda mrefu kabla ya mota ya umeme kufika. Tunalozungumzia hapa ni kuendeleza ufundi huo upande mmoja: sinia linalotengenezwa ili litazamwe.

Maua hutoka wapi

Mafundi wengi huita michoro ya asili ya mbao “maua”. Mkerezaji anayejua yanavyotokea anajua pia pa kuyatafuta na namna ya kuyapasua, kwa hiyo tuyapitie aina kwa aina.

Ya kwanza ni mawimbi. Katika mti wa kawaida nyuzi hupanda wima kutoka mizizini hadi matawini. Katika miti michache nyuzi hizo hupanda zikiyumba, huku na huku, kwa umbali wa sentimita moja au mbili. Ukipasua mbao ya namna hiyo, msumeno unakata mahali pengine nyuzi zilizolala, mahali pengine nyuzi zilizoinua vichwa. Nyuzi zilizolala hurudisha mwanga, zilizoinua vichwa huumeza. Ndiyo maana mistari ya giza na nuru hubadilishana, na ukiligeuza sinia mkononi pale palipokuwa na giza panang’aa na palipong’aa panaingia giza. Uso wake ni bapa kabisa kwa kidole, lakini jicho linaapa kwamba kuna matuta. Migongo ya fidla za Ulaya hutengenezwa kwa mbao za aina hii kutoka mti wa mepo.

Ya pili ni utepe. Miti mingi ya nchi za joto, ikiwamo mvule, mkangazi na mninga, huzungusha nyuzi zake kuelekea upande mmoja kwa miaka kadhaa, kisha ikazigeuza kuelekea upande mwingine. Ukipasua gogo kwa kufuata mstari wa kutoka kwenye moyo kwenda kwenye gome, tabaka hizo hutokea kama tepe za rangi iliyokoza na iliyofifia, moja kando ya nyingine. Ukilipasua kwa ubapa wa kawaida, tepe hazionekani. Mbao ileile, mti uleule, lakini mkato mmoja unaonyesha na mwingine unaficha.

Ya tatu ni panda. Shina linapogawanyika kuwa matawi mawili makubwa, nyuzi za pande mbili hubanana zikiwa hazina pa kwenda. Hujisukuma, hujisokota, na kila mwaka safu mpya hulala juu ya ile ya zamani. Matokeo yake ni mchoro wenye umbo la unyoya: ubavu mmoja mnene katikati, na vinyweleo vikitawanyika kushoto na kulia kuelekea juu. Mwembe mkubwa una panda nyingi, na karibu zote huishia motoni.

Ya nne ni nundu. Mti ukijeruhiwa, au ukivamiwa na wadudu au ukungu, sehemu moja ya gome inaweza kuanza kuotesha vichipukizi vingi visivyofunguka. Kila mwaka mbao mpya huvizunguka na kuvifunika, navyo huendelea. Ukiikata nundu unakuta mamia ya vijicho, kila kimoja kimezungukwa na vijiduara vya rangi. Humo nyuzi hazina mwelekeo hata kidogo, na ndiyo sababu seremala huikataa: randa haijui ipite upande gani.

Ya tano si kazi ya mti peke yake. Gogo likikatwa na kuachwa mahali penye unyevu na joto, ukungu huingia. Aina fulani za ukungu hufifisha rangi ya mbao hadi ikawa nyeupe kama krimu. Aina nyingine, au makundi mawili ya ukungu yanayogombea gogo moja, hujenga mipaka kati yao, na mipaka hiyo ni mistari myeusi, myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu ya wino. Hufuata njia zake yenyewe: hupinda, hurudi, huzunguka eneo na kulifunga. Miti yenye mbao nyeupe au ya manjano hupokea mistari hii vizuri kuliko miti ya kiini cheusi, na mwembe ni miongoni mwa iliyo bora. Kazi ya fundi ni kuwahi. Akipasua mapema hakuna mistari. Akichelewa mbao imeshakuwa laini na kucha ya kidole inazama.

Walioyapa maua heshima

Katika karne ya ishirini, mafundi wachache wa Marekani waliwafanya watu waanze kuangalia bakuli na sinia la kukerezwa kama kazi ya sanaa, na njia walizopita zinatufundisha.

James Prestini, aliyesomea uhandisi wa mitambo na kufanya kazi Chicago, alikereza vyombo vya kuta nyembamba sana, bila nakshi yoyote ya mkono. Baadhi vimo katika jumba la Museum of Modern Art la New York. Alionyesha kwamba umbo safi linatosha.

Bob Stocksdale, mzaliwa wa Indiana wa mwaka 1913, alikataa kubeba silaha wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya dhamiri yake, akawekwa katika kambi za kazi za kiraia. Huko ndiko alikojifunza kukereza. Baada ya vita alihamia Berkeley, California, akaendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi mpaka karibu na kifo chake mwaka 2003. Alitafuta mbao zenye maua kutoka pembe nyingi za dunia. Kazi zake zinatambulika kwa jambo moja: pale mbao ilipobadili rangi, kati ya kiini cheusi na mbao nyeupe ya nje, mpaka huo umekaa mahali pake katika bakuli, kama uliopangwa. Ulikuwa umepangwa kweli, kwa sababu aliuamua akiwa na msumeno mkononi, mbao haijafika kwenye kerezo.

Melvin Lindquist na mwanawe Mark ndio waliowafungua watu macho kuhusu mbao ya mistari ya ukungu. Kabla yao, mafundi wengi walilihesabu gogo la namna hiyo kuwa limeoza tu. Wao walilitafuta kwa makusudi, wakalikereza, na katika miaka ya 1970 Mark aliandika juu yake katika majarida ya mafundi. Leo wakerezaji wa nchi nyingi hulaza magogo makusudi ili yapate mistari. Kitu kilichokuwa kasoro kimekuwa bidhaa, na kilichobadilika ni namna ya kukitazama.

Kusoma gogo kabla ya msumeno

Kazi ya sinia la maua huamuliwa hapa. Kosa la bobari, patasi ya kukerezea, linaweza kurekebishwa kwa kupunguza milimita mbili. Kosa la msumeno halina dawa.

Tuchukue panda ya mwembe, kwa kuwa ndiyo rahisi kupatikana kuanzia Tanga hadi Kisumu. Tafuta mwembe uliokatwa kwa sababu nyingine: umezeeka, umeangushwa na upepo, au uwanja unajengwa. Omba panda yenyewe pamoja na nusu mita ya shina chini yake na nusu mita ya kila tawi. Usikate karibu zaidi, kwa sababu ncha zitapasuka zikikauka na unahitaji pa kupoteza.

Isimamishe ili uone matawi yote mawili yakiwa kama herufi Y. Piga mstari wa chaki unaopita katikati ya tawi la kwanza, katikati ya tawi la pili, na kushuka katikati ya shina. Msumeno upite kwenye mstari huo. Ukikosea ukapasua kwa upande wa pili, ukaligawa tawi moja huku na jingine kule, unyoya hautauona. Ukipasua sawasawa, nusu mbili zinafunguka na unyoya uko pande zote mbili, kila mmoja ukiwa kivuli cha mwenzake. Mwagia maji. Mbao mbichi iliyotoka kwenye msumeno ina vumbi na imefifia, lakini ikilowa rangi zake zote hujitokeza kwa dakika chache, na hapo utaona kama una sinia au una kuni.

Sasa chukua duara la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sinia unalotaka, likiwa limekatwa dirisha katikati. Lisogeze juu ya mbao, juu, chini, kushoto. Tafuta mahali ambapo unyoya unapita katikati na kufunguka kuelekea ukingoni. Angalia mipasuko: panda nyingi zina ufa pale matawi yalipokutana, na wakati mwingine gome limemezwa ndani. Ufa mdogo unaweza kujazwa. Gome lililomezwa hadi katikati ya duara linaweza kulifanya sinia lipasuke likizunguka. Ukiwa na shaka, punguza kipenyo. Sinia la sentimita 25 lililo zima lina thamani kuliko la 40 lenye ufa.

Mbao ya mawimbi na ya utepe hupasuliwa kwa kufuata mstari wa kutoka kwenye moyo kwenda kwenye gome. Nundu inaweza kupasuliwa upande wowote. Katika yote, moyo wenyewe wa mti, ile nukta ya katikati, usibaki ndani ya sinia. Ukibaki, mbao itapasuka kuanzia hapo.

Kukausha

Mbao ikikauka husinyaa, lakini haisinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi karibu haisogei. Kwa kufuata mduara wa pete za ukuaji husinyaa takribani mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kuelekea gomeni. Ndiyo maana sinia lililokerezwa bichi hugeuka yai na kujikunja. Bakuli la mviringo usio kamili linaweza kupendeza. Sinia lililojikunja linacheza juu ya meza, na kila mtu anaona.

Njia ya uhakika ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza, mbao ikiwa bado na maji, ikereze iwe sinia nene: unene uwe karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani milimita 30 kwa sinia la sentimita 30. Paka nta kwenye sehemu ambazo vichwa vya nyuzi viko wazi, kwa sababu hapo ndipo maji hutoka kwa kasi na nyufa huanza. Liweke kwenye mfuko wa karatasi au lifunike kwa takataka za mbao zilizo kavu, mahali penye kivuli pasipopigwa na upepo. Lipime kwenye mizani kila wiki na uandike uzito wake kwa penseli chini yake. Siku uzito utakapoacha kushuka, limekauka kadiri ya hewa ya mahali pale.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Mbao iliyokauka Mombasa au Unguja ina maji mengi kuliko iliyokauka Dodoma, na nyumba za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi zina ukavu mkali zaidi. Sinia linalotengenezwa pwani ili liuzwe mbali likaushwe zaidi ya hewa ya pwani, ndani ya chumba chenye joto au kwenye kasha lenye balbu ya taa. Mteja akilipokea likapasuka mezani kwake, hatanunua tena kwa fundi yeyote wa pwani.

Mbao yenye ukungu nayo inahitaji kukaushwa kwa sababu nyingine: unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 20 ukungu husimama. Mistari inabaki ilipo kwa miaka yote.

Kwenye kerezo

Funga mbao kwenye sahani ya chuma ya kerezo kwa skrubu, upande utakaokuwa juu ya sinia ukitazama mashine. Skrubu ziingie mahali patakapochimbwa baadaye. Zungusha kwa mkono kwanza, uone haigusi kitu.

Halafu fikiria mwendo. Sinia la sentimita 30 likizunguka mara 600 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Ukipandisha hadi 1,500, ukingo unapita kilomita 80 kwa saa. Kipande cha panda chenye ufa kikirushwa kwa mwendo huo kinaua. Anza taratibu, simama kando ya mstari wa mzunguko, vaa kinga ya uso mzima, kunja mikono ya shati, vua pete na saa. Kwa mbao ya maua hili ni kubwa kuliko kwa mbao nyingine yoyote, kwa sababu uzuri na udhaifu vimekaa mahali pamoja.

Anza na mgongo. Bobari ipite kutoka kitako kwenda ukingoni, kutoka kipenyo kidogo kwenda kikubwa, ili kila uzi unaokatwa uwe umeegemea mwenzake. Ukienda kinyume utazing’oa. Katika kila mzunguko mbao inakupitishia sehemu mbili zenye nyuzi zilizolala na sehemu mbili zenye vichwa vya nyuzi, na ni katika hizo mbili za mwisho ambapo uso huchanika. Kwenye mawimbi na panda, nyuzi zimegeuka kila mahali, hivyo hakuna njia iliyo salama kabisa. Dawa ni tatu: bobari iliyonolewa upya kabla ya mkato wa mwisho, mkato mwembamba sana, na mgongo wa ncha ya bobari uegemee mbao kabla ncha haijakata. Ukisikia sauti laini ya kuendelea na kuona utepe mrefu ukitoka, uko sawa. Ukisikia mkwaruzo na kuona unga, simamisha ukanoe.

Kitako kiwe kati ya theluthi moja na nusu ya kipenyo. Kikiwa kidogo, mtu akiegemeza mkono ukingoni sinia linapinduka. Chimba duara la kina cha milimita chache katika kitako ili taya za kushikia ziingie, kisha geuza.

Sasa uso. Usawazishe kwanza, halafu umalize ukingo kabisa, pamoja na msasa wake, kabla ya kugusa katikati. Mbao nene iliyobaki katikati ndiyo inayouzuia ukingo usitetemeke. Ukishachimba ndani, mikazo iliyokuwa imejificha kwenye mbao hulegea, ukingo hujikunja kidogo sana, na huwezi kurudi kuukata tena kwa usawa. Kutoka hapo chimba kwa ngazi: sentimita tatu kuelekea ndani, maliza, tatu nyingine, maliza, hadi katikati. Unene wa mwisho wa milimita 8 hadi 10 unatosha kwa sinia la sentimita 30. Weka rula juu ya uso mara kwa mara. Katikati pawe na bonde dogo linaloonekana ni la makusudi, kwa sababu uso ulio bapa kabisa huonekana umevimba.

Umbo linalonyamaza

Hapa wakerezaji wengi wenye mkono mzuri huharibu kazi. Wakishajua kutengeneza mifereji, shanga na ngazi, huziweka zote. Kwenye mbao iliyonyooka isiyo na rangi, mapambo hayo yana kazi ya kufanya. Kwenye panda ya mwembe yanagombana na unyoya, na jicho halijui litazame lipi.

Kanuni ninayoishika ni kwamba kadiri mbao inavyosema sana ndivyo umbo linavyopaswa kusema kidogo. Mstari mmoja wa mgongo, kutoka kitako hadi ukingo, usiovunjika. Ukingo mpana ulioinama kidogo kuelekea ndani ikiwa maua yanaenea hadi pembeni. Ukingo mwembamba ikiwa uzuri wote uko katikati. Mfereji mmoja mwembamba kati ya ukingo na bonde unaruhusiwa, kwa sababu unaficha pale mikato miwili ilipokutana. Zaidi ya hapo acha.

Sinia lenye mpaka wa rangi mbili, kiini cheusi na weupe wa nje, liangaliwe kwa namna hiyohiyo. Mpingo una utepe mwembamba wa manjano chini ya gome ambao wachongaji wengi huutoa. Katika sinia dogo, utepe huo ukiachwa upande mmoja wa ukingo, weusi wote unapata maana.

Msasa, vumbi na mafuta

Anza na msasa namba 120, uende 180, 240, 320, na 400 ukipenda. Usiruke namba. Mikwaruzo ya msasa wa kwanza ikibaki, mafuta yataikuza, na hasa kwenye mawimbi, ambako mwanga unapita kwa pembe nyingi. Mwishoni simamisha kerezo na upige msasa kwa mkono, kufuata nyuzi.

Vumbi la mbao si la kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu tangu mwaka 1995. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na mbao yenye ukungu huongeza mbegu za ukungu hewani. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Nunua barakoa yenye chujio, na kazi ya msasa ifanyike penye upepo unaotoka.

Kwa kumalizia, mafuta ya kitani hukoza rangi na kuyapa maua kina. Paka, subiri dakika kumi na tano, futa yote yaliyobaki juu, rudia baada ya siku chache. Vitambaa ulivyofutia vitandaze nje vikauke, kwa kuwa vikirundikwa vinapata moto vyenyewe na kuunguza karakana. Mwambie mteja asiliweke sinia juani. Mwanga wa jua hugeuza nyekundu za mkurungu kuwa kahawia, na hakuna vanishi inayozuia hilo moja kwa moja.

Mti upi, na kwa ruhusa ya nani

Mtu akishaonja uzuri huu, hatari ni kwamba ataenda kukata mti mzima kutafuta nundu moja. Sheria na hesabu vyote vinapinga. Mpingo na jamaa zake wa jenasi ya Dalbergia wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Mwaka 2022, mkutano wa mkataba huo huko Panama uliongeza mninga na mkurungu, mkongo, na mkangazi wa Afrika. Kuziuza mbao hizo nje ya nchi kunahitaji vibali, na hata kusafirisha gogo ndani ya nchi kunahitaji hati ya mamlaka ya misitu. Mpingo huchukua miongo mingi kufikia unene wa kufaa kazi. Haukatwi kwa ajili ya pambo la mezani.

Lakini mwembe, mfenesi, mjakaranda, mwarobaini na mkorosho imo mashambani na kando ya barabara, hupandwa na watu na hukatwa na watu kila mwaka. Wachongaji wa pwani ya Kenya walikwisha kuanza kuhamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda baada ya muhugu na mpingo kuadimika, na wanunuzi waliwafuata. Wakerezaji wanaweza kupita njia hiyo wakiwa na faida zaidi, kwa sababu sinia la maua halihitaji mti ulionyooka. Linahitaji kile ambacho seremala, mpasua mbao na mchoma mkaa wote wamekubaliana kwamba hakifai.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, uwe fundi au mwenye shamba. Mwembe ukikatwa mtaani kwako, kabla panda yake haijapelekwa kwenye tanuri, piga mstari unaopita katikati ya kila tawi, ipasue, uimwagie maji na uitazame. Kama haina kitu, tanuri lipo palepale. Kama ina unyoya, mpelekee mkerezaji, na umlipe mwenye mti bei ya mbao, usimlipe bei ya kuni.